Asumini Yako Haikupigwa Jicho

Mke mwenzangu mpendwa, Zuhura,

Jana wamemaliza kumwaga mawe mbele ya nyumba yetu. Ungeiona usingeitambua. Pale palipojaa ndago na sangari, na yale majani ya miiba yaliyokuwa yakichana khanga zako, sasa pamelala kokoto nyeupe zilizooshwa na kusawazishwa kwa reki, zimezungushiwa tofali za kuchoma. Chini ya kokoto kuna kitambaa cheusi cha kuzuia magugu. Kazi hii ameifanya mwanao Idi kwa ajili yangu, na kazi hii ndiyo iliyonilazimisha kusema jambo nililolificha zaidi ya miaka arobaini. Yeye nimeshamwambia. Umebaki wewe.

Naandika asubuhi, kidogo kidogo, kabla miguu haijavimba. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Ni kijana mpole, alilitamka neno hilo kana kwamba moyo umetoka safarini tu na utapumzika. Mimi niliyefundisha sayansi darasa la sita nilimwelewa vizuri, nikamshukuru, nikaomba nirudishwe nyumbani.

Nakumbuka ulivyoingia nyumba hii. Nilikuwa nimejifungia chumbani na madaftari ya kusahihisha, nimeapa kwamba sitatoka kumpokea mwanamke yeyote. Ukanifuata. Ulipiga magoti mlangoni kama mlivyofundishwa kwenu Bukene, ukaniamkia, "Mwangaluka, dada." Nami nikakujibu, "Habari," bila kuinua kalamu. Miaka mingi baadaye ulikuwa ukiwachekesha wageni kwa kisa hicho. Ulisema niliitikia kama karani wa posta aliyeulizwa stempu wakati wa kufunga.

Sikutaka kukupenda. Ulinishinda polepole, kwa vitu vidogo. Ulinichemshia maji ya kuoga siku za baridi ya Juni bila kuambiwa. Ulikataa kula mpaka nirudi kutoka shule. Nilipokufundisha kusoma, tukikaa ukumbini alasiri na ubao mdogo wa watoto, sentensi ya kwanza uliyoiandika mwenyewe bila msaada ilikuwa "Dada amenuna leo." Nilicheka mpaka nikasahau nilichokuwa nimenunia. Mume wetu Rajabu alipoingia na madumu yake ya asali, akatukuta tumeegemeana tunafuta machozi, alisimama akatutazama kwa wasiwasi. Alikuwa amezoea kuombea amani katika nyumba yake, lakini sijui kama aliwahi kufikiri kwamba siku tukipatana tungemcheka yeye.

Halafu ukapanda asumini.

Kipande ulipewa na yule bibi wa nyumba ya kona, ukakibeba ndani ya kopo la maziwa, ukakipanda upande wa kulia wa ngazi. Rajabu akakizungushia rimu za baiskeli kuukuu mbuzi wasikifikie. Kwa mwaka mmoja na nusu kilikuwa kijiti tu, tukakitania. Mara kikashika, kikapanda nguzo ya ukumbi, na nyumba yote ikawa inanukia. Ulikuwa ukichuma vitumba alasiri, kabla havijafunguka, ukavitunga kwa uzi. Wenye harusi walikuja mpaka kutoka mtaa wa Ng'ambo kuvitaka. Lakini kila siku kabla ya kumpa mtu yeyote ulichukua vichache ukanichomekea nywele zangu. Ulisema mwalimu lazima anukie ili watoto wasisinzie.

Sasa nitakuambia, na nitaliandika jambo hili kama lilivyokuwa.

Rajabu alikuwa na tabia ya kumwagilia asumini yako kila jioni akitoka msikitini. Alijaza birika mwenyewe kwenye pipa, akainama, akamwaga taratibu huku akizungumza nawe uliyekuwa umekaa ngazini unamnyonyesha Idi. Mimi nilikuwa ukumbini na madaftari yangu. Nilikuwa mke wake kwa miaka tisa kabla hujaja, na katika miaka hiyo hakuwahi kunichotea hata kata moja ya maji. Sikulaumu maji, sikukulaumu wewe, na yeye sikumlaumu mbele yake. Nilimeza. Siku moja aliponipita na birika, ukingo wa kanzu yake ukagusa daftari langu, hakugeuka.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Wewe ulikwenda sokoni, Idi mgongoni. Nilichukua chumvi ya mawe ya Uvinza, ile tuliyohifadhi kwenye mtungi, nikaiyeyusha kwenye maji ya moto, kibuyu kizima. Nilimwaga kuzunguka shina, nikafukia kwa mguu. Kisha nikaosha mikono nikaenda kufundisha zamu ya mchana. Nakumbuka somo lilikuwa mizizi.

Jumanne Mwajuma akaja.

Mdogo wako alishuka treni ya kutoka upande wa Mwanza na kikapu cha karanga na kuku mmoja. Ulimkimbilia barabarani bila viatu. Alikuwa amezika watoto wawili kwa miaka miwili, na hakuwa amecheka, uliniambia, tangu wa pili. Alipofika kwenye ngazi alisimama mbele ya asumini, akalishika jani moja, akasema, "Dada, ua hili zuri jamani. Ningekuwa nalo mimi." Alisema hivyo tu. Hakusema Mashallah. Sisi sote tuliokuwapo tulisikia kwamba hakusema.

Ijumaa majani yalianza kukauka pembeni. Jumapili yalikuwa ya kahawia. Ulikaa chini pale ukiyachambua moja moja, ukiniuliza ni mchwa au ni ugonjwa, maana mimi ndiye niliyesoma. Wakati huo ningeweza kusema ni mchwa. Mchwa wana mabaya mengi, wangebeba na hilo. Badala yake nikasema, na ni mimi niliyesema kwanza, si majirani, si mama mkwe: "Mwajuma hakusema Mashallah. Ulimsikia?"

Sikuhitaji kusema zaidi. Mwanamke asiye na mtoto, aliyesifia kitu cha mwenye mtoto na kukitamani kwa sauti. Kufikia jioni mama mkwe alikuwa amekuagiza umfunike Idi uso. Kufikia kesho yake bibi wa nyumba ya kona alikuwa amekumbuka kwamba hata kuku wake aliacha kutaga. Ulilia, ukamtetea, ukasema mdogo wako ana moyo mweupe. Halafu Idi akapata homa, na hukumtetea tena.

Mwajuma aliondoka Alhamisi. Hukumsindikiza. Mimi ndiye niliyembebea kikapu mpaka stesheni. Tulipofika jukwaani akanigeukia akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Waambie ua haliuawi kwa macho." Nikamjibu kwamba watu watasahau. Akanitazama usoni, akapokea kikapu chake.

Watu hawakusahau. Mwajuma hakukanyaga tena nyumba hii. Ulipojifungua wasichana wako hukumpelekea habari. Rajabu alipofariki alituma salamu kwa mtu, nawe ukazipokea bila kujibu. Na mwaka ule wa ugonjwa wako, nilipokuwa nakukanda miguu mchana mmoja, ulifumbua macho ukaniuliza, "Dada, nimwite Mwajuma?" Nami nikakuambia upumzike kwanza, tutamwita ukipata nafuu. Hukupata nafuu. Hilo ndilo linaloniuma kupita chumvi. Chumvi niliimwaga kwa hasira, nami nilikuwa kijana. Jibu lile nilikupa nikiwa mzee mwenye akili zangu, nakupenda, mkono wangu uko juu ya mguu wako. Niliogopa mkikaa pamoja mtaligundua.

Miaka tisa imepita tangu tukuzike. Idi ameniweka kama mama aliyemzaa. Kila mwisho wa mwezi anatoka Nzega kwenye duka lake la vipuri kuja kunitazama. Mwezi uliopita akanikuta nimeanguka pale mbele, nang'oa ndago. Sikuumia sana, lakini nilikuwa nimekaa chini tangu saa tatu, nashindwa kuinuka, nimeona aibu kuita. Aliniinua akanipangusa udongo akaniambia kwa utulivu kwamba bustani hii mimi na yeye tumekosana nayo. Wiki iliyofuata akaja na fundi.

Fundi anaitwa Yohana, Mgogo wa Dodoma, mrefu, mwenye mdomo. Aliponisalimu shikamoo nikamjibu marahaba, akauliza kabila, nikasema Mnyamwezi, watani wao wa jadi, na kuanzia hapo hakukuwa na heshima tena, ulikuwa utani mtupu. Idi alipobeba ndoo mbili za kokoto akasimama kupumua, Yohana alimwambia aibu yake, babu zake walibeba meno ya ndovu kutoka hapa mpaka Pwani, wakipita kwao Ugogo wakiimba, na yeye anashindwa kutoka barabarani mpaka ngazini. Nikamwambia kutoka kitini kwangu kwamba babu zake yeye walikalia visima wakawatoza wasafiri kwa kila kata ya maji, na leo mjukuu amekuja Tabora kutuuzia mawe, kwa hiyo hawajabadilika. Alicheka akaweka koleo chini. Alisema bibi huyu akifa atakuja kumzika yeye mwenyewe, ahakikishe haamki.

Ungeipenda kazi yake. Alichimba vidole vinne kwenda chini, akachekecha udongo kwa mikono kutoa vile viazi vya ndago kimoja kimoja. Nilimuuliza kwa nini asitandike nailoni tu. Akanieleza kwamba nailoni hutuamisha maji, mvua ikinyesha mbele ya nyumba panakuwa bwawa. Kitambaa hiki kinapitisha maji chini na kuzuia jani lisipande juu. Kipande kimoja kinalalia kingine kwa shibiri nzima, kinabanwa kwa waya zilizopindwa. Akaniambia nisidanganyike, ndago ikisahaulika hata moja itatoboa. "Ndago ni kama Mnyamwezi," alisema. "Ukimzuia huku, anatokea kule na mzigo kichwani."

Kitambaa kilipokwisha kutandikwa, Idi akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu. Alisema wataacha tundu moja, upande wa kulia wa ngazi. Anataka kupanda asumini, kwa ajili yako. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya sukari, "Pale pale ilipokuwa ile ya mama. Ile iliyopigwa jicho na mama mdogo."

Hakuwa na ubaya wowote, Zuhura. Ni habari aliyokua nayo, kama alivyokua na jina lake. Ndipo akaongeza kwamba amesikia kutoka kwa dereva mmoja wa Bukene kuwa Mwajuma amezeeka, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na watoto wa jirani wamekatazwa kupita mlangoni kwake. Ng'ombe wa mtu amekufa mwezi huu, watu wananong'ona. Wewe unazijua sehemu zetu. Unajua kikongwe mwenye macho mekundu na jina baya la zamani hufanywa nini watu wakishachoka kunong'ona.

Usingizi wa mchana ulinikimbia. Siku iliyofuata, Idi alipokwenda kuleta kokoto zilizobaki, nilimwambia Yohana. Nilimwambia yeye kwanza kwa sababu ni mtani, na kwa mtani hata neno zito hupita. Labda nilitumaini atacheka. Alikuwa anakunja waya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja, halafu akasema, "Bibi, mimi mtani wako naweza kukuzika. Kukusamehe siwezi. Hiyo si kazi ya Mgogo."

Nilijua hilo tangu chuo cha Kurani, kabla ya kujua hesabu. Haki ya Mungu, Mungu husamehe. Haki ya mja humngoja mja mwenyewe.

Idi aliporudi nilimwomba akae. Nilimwambia yote, kwa mpangilio, kibuyu, Mashallah, stesheni, na jibu nililokupa ukiwa kitandani. Aliangalia mikono yake muda wote. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: "Mama alijua?" Nikamwambia hakujua. Akainuka, akamwambia Yohana aache tundu bila kitu, akaingia ndani.

Siku mbili hakuzungumza nami zaidi ya salamu. Dawa zangu aliniletea kwa saa yake, uji aliuweka mezani na kuufunika, alinisogezea kigoda cha miguu. Hakukaa. Mimi niliyelea watoto wako na wanafunzi mia mbili kila mwaka, sikujua namna ya kumwita mtu mmoja aliyekuwa chumba cha pili. Siku ya tatu alfajiri nikasikia gari lake likiondoka. Akarudi alasiri, na vumbi la Bukene kwenye viatu.

Alisema alimkuta mama yake mdogo anapepeta mchele. Alijitambulisha, maana hakumjua. Akamweleza. Mwajuma hakuacha kupepeta. Alipomaliza ungo ule akasema, "Mwambie Mwalimu, mimi nilijua."

Aliiona chumvi, Zuhura. Asubuhi ya siku aliyoondoka alitoka nje kulitazama ua lako kwa mara ya mwisho, akaona udongo umekaukiwa na ukoko mweupe kuzunguka shina, akaweka kidole akaonja. Ndiyo maana aliniuliza vile jukwaani. Alikuwa ananipa nafasi. Idi alipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba nani angemwamini mwenye jicho mbele ya mwalimu.

Hakutukana. Hakusema amesamehe. Alisema jina lake halikuharibiwa chumbani, kwa hiyo halitasafishwa chumbani. Kama Mwalimu bado ana sauti, aje aseme kwake, mbele ya mlango wake, majirani wakiwapo, na mwenyekiti wa kitongoji akiwapo, na yule mwenye ng'ombe akiwapo. Idi alimweleza kwamba moyo wangu ni mgonjwa na safari ni mbaya. Akasema hata wa kwake si mzima.

Sauti yangu haifiki tena ng'ambo ya chumba. Ndiyo maana barua hii nimeiandika wazi, kwa maneno ambayo hata mtu asiyetujua ataelewa, na ndiyo maana nimetaja siku na chumvi na mdomo uliotamka neno la kwanza. Kesho kutwa Idi atanilaza kiti cha nyuma cha gari, tutakwenda Bukene. Nitaketi mbele ya mlango wa Mwajuma, Idi ataisoma kwa sauti, na kila mtu atakayetaka kunitazama usoni atanitazama. Daktari hapendi. Nimemwambia akawatibu wanaokusudia kupona.

Mtoto wako ameanza kukaa nami tena, kidogo. Jana jioni, kokoto zilipokwisha kusawazishwa, alinishika mkono nikatembea juu ya kokoto hizo, kutoka ngazini mpaka barabarani, nisianguke. Zinalia chini ya mguu kama mtu anatafuna karanga mbichi. Alisema, bila kunitazama, kwamba bado ana hasira. Nikamwambia akae nayo kadiri anavyotaka, ni yake. Hakuachia mkono.

Kwako siombi jibu, mdogo wangu, maana nililikata jibu lako nilipokuambia upumzike. Nakuomba tu usikie kwamba dada uliyemchomekea asumini alikuwa mwongo, na kwamba alikupenda, na kwamba mambo hayo mawili yaliishi katika nyumba moja kama tulivyoishi mimi na wewe. Mdogo wako hakuwa na jicho. Alikuwa na majonzi, akaona kitu kizuri. Ametuma kusema kwamba atanisikiliza, ila chai hajaahidi.

Kwaheri, Zuhura. Nikifika huko ulipo, sitajifungia.

Idi, mwanangu, ukifika hapa usiikunje karatasi. Mpe mama yako mdogo mkononi, iwe yake.

Mke mwenzio, uliyemwita dada,
Bi Mkubwa